Sabule, Dago na Gesti: Msamiati wa Mgeni wa Muda Mrefu katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Methali iliyo maarufu kuliko zote kuhusu wageni humpa mgeni siku mbili za starehe, na siku ya tatu humkabidhi jembe. Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi huichukua methali hii kuwa ndiyo sheria ya ukarimu wa Waswahili. Hata hivyo, methali hii haisemi lolote kuhusu mgeni wa mwezi wa nne. Huyo si mgeni wa kulimishwa, kwa kuwa hakuja kulima. Si ndugu, kwa kuwa analipa. Wala si mpangaji hasa, kwa kuwa anakula chakula cha nyumba na kupita mlango ule ule anaopita mwenye nyumba. Katika pwani ya Malindi na Kilifi mtu wa namna hii amekuwako tangu zama za majahazi, na yuko hadi leo katika nyumba kongwe chache zinazopokea watu wa kukaa miezi.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kwa mtu huyo, kwa mwenyeji wake na kwa chumba anacholala. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na msamiati kamili wa shughuli hii, uliotenganisha wazi mgeni wa siku, mgeni wa msimu na mkaazi. Anayeendesha nyumba ya aina hii leo anafanya kazi ile ile ya wazee wake kwa maneno ya kuazima ambayo hayatenganishi mambo hayo, na pengo hilo humletea hasara ya fedha. Wakati mwingine humletea hatari ya kupoteza nyumba yenyewe.

Mgeni wa msimu na mwenyeji wake

Neno msimu lina asili ya Kiarabu, mawsim, na ndilo lililopita katika Kireno na kuzaa jina ambalo Wazungu hutumia kwa pepo za Bahari ya Hindi. Pepo hizo ndizo zilizoamua urefu wa ugeni. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliteremka na kaskazi kati ya Novemba na Machi, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ishike kuanzia Aprili. Mfanyabiashara aliyefika Desemba alijua tangu mwanzo kwamba angelala pwani miezi kadhaa. Hakuhitaji kitanda tu, bali mahali pa kuweka bidhaa, mtu wa kumwombea bei, na nyumba ambayo jina lake lingemkinga mjini.

Ushahidi wa zamani ulio wazi zaidi kuhusu mpango huu ni wa Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Hakuutaja mji wa Malindi, na Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini aliyoyaona Mogadishu yanafaa kuangaliwa kwa makini. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji waliliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alikwenda katika nyumba ya mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikuwa ameuzoea mji na kuwajua watu wake. Huyo aliweza kufikia alikotaka. Mwenyeji alimuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizozihitaji. Mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu mwenyeji akiwa hayuko, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili.

Tukiliangalia jambo hili kwa jicho la lugha, tunaona kwamba ukarimu na biashara vilikuwa kitu kimoja. Ndiyo maana pwani ina methali nyingine isemayo mgeni njoo mwenyeji apone. Methali ya jembe ni ya mkulima, ambaye mgeni humpunguzia akiba. Methali ya kupona yaelekea kuwa ya mtu wa bandarini, ambaye mgeni humletea riziki. Kuzifundisha mbili hizi kama zinazopingana tu, kama tufanyavyo katika madarasa mengi, ni kusahau kwamba kila moja ina uchumi wake.

Mofolojia nayo inatoa ushahidi. Mwenyeji ni mwenye mji. Neno halikuundwa kutokana na nyumba. Anayempokea mgeni humpokea kwa niaba ya mji mzima, na ndiye atakayeulizwa mgeni akikosea. Kitenzi kinachobeba uhusiano huu ni -fikia, yaani -fika pamoja na kiambishi cha kutendea. Mtu akiulizwa "umefika wapi?" atataja mahali. Akiulizwa "umefikia wapi?" atataja jina la mtu au ukoo: nimefikia kwa fulani. Maana hii ya -fikia yastahili kutiliwa mkazo zaidi katika masomo yetu, kwani inaonyesha kuwa katika Kiswahili cha pwani malazi yalikuwa ni mtu kabla ya kuwa chumba.

John Middleton, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ulimwengu wa Waswahili, ameeleza jinsi matajiri wa miji hii walivyowalaza washirika wao wa biashara ndani ya majumba yao, na jinsi uhusiano huo ulivyoweza kufungwa kwa ndoa. Mgeni wa msimu aliyerudi mwaka baada ya mwaka kwa mwenyeji yule yule aliweza kuwa mkwe.

Chumba cha mgeni ndani ya nyumba

Nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo Usam Ghaidan aliichunguza katika miaka ya 1970, inaonyesha mpangilio huu kwa udhahiri. Anayeingia hukutana kwanza na daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe pande zote mbili. Hapo mgeni wa saa moja huketi na kuondoka bila kuona chochote cha ndani. Baada ya daka huja kiwanda, ambacho ni uwanja wa ndani ulio wazi juu (msomaji asikichanganye na kiwanda cha kutengenezea bidhaa). Kisha kuna misana, vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na mwisho kabisa ndani, penye faragha ya wanawake na penye zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya kaure. Wembamba wa vyumba una sababu yake: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti moja haivuki zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi.

Pembeni mwa kiwanda, karibu na mlango wa nje, ndipo palipokuwa na sabule. Hiki ndicho chumba cha mgeni wa kukaa. Kilikuwa ndani ya nyumba lakini nje ya familia. Mgeni aliweza kuingia, kutoka na kuoga bila kupita msanani, na wenyeji waliendelea na maisha yao bila kujifunika kutwa nzima. Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa na madaraja matatu ya ugeni yaliyojengwa kwa mawe: daka kwa mgeni wa saa, sabule kwa mgeni wa msimu, na ndani kwa aliyekwisha kuwa jamaa.

Leo hii Kiswahili sanifu kina neno sebule. Kamusi zetu hulieleza kuwa ni chumba cha kupokelea wageni au cha maongezi, na wengi wetu huliambatanisha na makochi na runinga. Umbo limebaki, maana imehama. Chumba cha kumlaza mgeni kimekuwa chumba cha kumketisha. Mgeni wa msimu amepunguzwa hadi kuwa mgeni wa alasiri. Mabadiliko haya si ajabu katika semantiki, lakini yalipotokea hayakuacha neno lingine kushika nafasi iliyoachwa wazi.

Neno daka nalo lina historia yake. Katika matumizi ya kishairi lina maana ya tundu la ukutani la kuwekea vyombo, na kwa maana hiyo ndiyo tunapata kidaka, vidaka, ambavyo kaskazini huitwa zidaka. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anawaonyesha wasomaji wake majumba ya Pate yaliyohamwa, ambamo madaka ya vyombo yamekuwa makao ya ndege. Tutarudi kwa ndege hao, kwa sababu mwenye nyumba kongwe ya leo anawajua vizuri.

Hapa yafaa tahadhari. Mtafiti anayekwenda Malindi akitarajia kukuta nyumba ya Lamu atasikitika. Mji wa kale wa Malindi, ule uliompeleka twiga China mwaka 1415 na kumpokea Vasco da Gama mwezi wa Aprili 1498, ulififia baada ya Wareno kuhamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, na hatimaye ukahamwa. Mji tuuonao uliasisiwa upya mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, ukawa mji wa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Nyumba zake kongwe kwa hiyo ni za nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na baadhi zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Mfano unaojulikana zaidi ni Nyumba ya Nguzo iliyo ufukweni, ambayo sasa ni makumbusho. Katika nyumba nyingi za wafanyabiashara wa zama zile duka lilikuwa chini na makazi juu, na mgeni alilala karibu na bidhaa.

Ukitaka kuona nyumba za zamani zaidi katika kaunti hii ni lazima uende Gedi, mji uliohamwa karne nyingi zilizopita na ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. James Kirkman, aliyeanza kuufukua mwaka 1948, alizipa nyumba zake majina ya vitu alivyovikuta humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Vitu hivyo vya mbali vinatuambia kwamba biashara ya ng'ambo iliingia hadi vyumbani. Lakini majina yenyewe ni ya mwanaakiolojia. Maneno ambayo wenyeji wa Gedi waliviitia vyumba vyao yalipotea pamoja nao, na hilo ndilo linaloweza kutokea kwa sabule tukiwa tunaangalia.

Kuiendesha nyumba hiyo leo

Wageni wa miezi hawajakoma, wamebadilika tu. Katika miaka ya 1930 walowezi wa Kiingereza walianza kushuka Malindi kutoka bara kukaa majira mazima, na hoteli kama ile ya Lawford, iliyofunguliwa mwaka 1934, zikaanzishwa kwa ajili yao. Katika miaka ya 1960 wakaja Waitaliano wa mradi wa San Marco huko Ngomeni, ambako roketi zilirushwa baharini kati ya 1967 na 1988, ikiwemo ile iliyobeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Wengi huuhusisha mradi huo na kuzoeleka kwa Kiitaliano katika maduka ya Malindi. Kilifi nako kuna watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao mradi wao ulianza mwaka 1989, pamoja na wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake kamili mwaka 2013. Mtafiti anayekuja kwa miezi sita hataki hoteli, na nyumba tupu ya kujipikia inamshinda. Anataka kufikia kwa mtu.

Kwa mwenye nyumba kongwe ya vyumba vinne au vitano, mgeni huyu ana thamani ambayo hesabu ya haraka haiioneshi. Tuseme chumba kinalipiwa shilingi 3,000 kwa usiku na kinapata wageni usiku 50 tu kwa mwaka: mapato ni shilingi 150,000. Chumba hicho kikichukuliwa kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa miezi tisa, mapato ni shilingi 180,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha jambo. Faida ya ziada ni shilingi 30,000, yaani kama 3,333 kwa kila mwezi wa ukaaji, nayo yaweza kumezwa yote na maji, pasi, friji ndogo na feni ya kuzunguka usiku kucha. Kwa hiyo riziki ya mwenye nyumba haiamuliwi na kodi ya chumba peke yake. Inaamuliwa na makubaliano juu ya nani alipie nini, na hayo ni maneno.

Faida kubwa zaidi iko kwenye ukuta. Miezi ya Aprili hadi Juni, masika yanaponyesha na hoteli kadhaa za ufukweni zikafunga milango, nyumba isiyo na mtu huharibika upesi. Ukungu hupanda, mchwa huingia kwenye boriti, na popo na ndege huchukua madaka kama walivyoyachukua yale ya Pate. Mgeni wa miezi hufungua madirisha kila asubuhi, na akiona doa la maji darini husema siku ile ile.

Lakini ukuta huo nao una masharti. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Mwenye nyumba anayetaka kumpendeza mgeni kwa ukuta laini hupiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi vikafungiwa ndani, na baada ya muda si mrefu lipu ikaanza kubanduka kwa vipande. Chokaa ndiyo dawa, japokuwa hudai kurudiwa mara kwa mara. Nyumba ikiwa imetangazwa kuwa ya urithi chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, mwenyewe hana ruhusa ya kuigusa apendavyo. Wenye uzoefu huacha chumba kimoja wazi mwaka mzima ili mgeni ahamishiwe huko chumba chake kikirekebishwa. Anayejaza vyumba vyote kwa tamaa hulazimika kukarabati mgeni akiwa kitandani.

Hata choo kina maarifa yake. Katika nyumba za zamani maji ya kuoga yaliwekwa katika birika la kujengewa, na ndani yake wakaachwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mgeni aliyezoea bomba hushtuka kumwona samaki bafuni, na ni juu ya mwenyeji kumweleza kabla hajatia dawa ya kusafishia maji.

Kosa ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote ni la kubomoa mpaka kati ya sabule na msana ili kupata chumba kimoja zaidi cha kukodisha. Kwenye karatasi mapato huongezeka. Katika maisha, familia husukumwa hadi jikoni, mabinti hushindwa kutoka uani bila mtandio, na baada ya mwaka mmoja mama wa nyumba hataki tena kuona mgeni. Wenye kudumu ni wale walioacha mlango wa mgeni uwe wa mgeni, wakampa ufunguo wake, na wakamwambia tangu siku ya kwanza saa za kula, desturi za Ramadhani na hatua ambayo asiivuke. Hayo yote sabule iliyasema kwa kuwapo kwake tu.

Maneno ya kuazima na mkanganyiko wake

Nyumba kama hii tuiite nini? Hoteli haifai. Kwa Mkenya wa kawaida hoteli ni mahali pa kula chapati na maharagwe, na kwa mtalii ni jumba la ufukweni. Bodingi na lojingi ni maneno yaliyoandikwa kwenye mabango ya miji yetu mingi, lakini bodingi humkumbusha msomaji shule ya bweni, na lojingi ina sifa ya vyumba vya saa mbili ambayo mama wa Kiislamu wa mtaa wa Shela hatakubali iandikwe mlangoni pake. Wenzetu wa Tanzania wana gesti, na wameongeza gesti bubu kwa ile isiyosajiliwa. Hilo la pili ni neno zuri sana, lakini hakuna mwenye nyumba atakayelitumia kujitangaza. Nyumba ya kulala wageni ni tafsiri ya ofisini. Inasema watu hulala, haisemi kama wanakaa.

Mkanganyiko unazidi tunapofika kwa mtu mwenyewe. Mgeni na mpangaji si maneno ya kubadilishana. Mpangaji ana haki ya chumba chake: alipa kodi, afunga mlango, na kumtoa kunahitaji taarifa. Mgeni yuko chini ya ruhusa ya mwenyeji, anapewa chakula na huduma, na nyumba inayompokea inatakiwa iwe na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Mwenye nyumba asiye na neno la kati huyatumia yote mawili kwa zamu. Nilipokuwa nimepanga chumba katika mji mmoja wa kaunti hii kwa muhula mzima, stakabadhi zangu tatu za kwanza ziliniita mgeni na ya nne ikaniita mpangaji. Kilichokuwa kimebadilika ni kalamu ya mwandishi tu. Kwangu lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwa mwenye nyumba anayefikishwa mbele ya baraza na mkaaji asiyelipa na asiyetaka kutoka, karatasi nne za namna hiyo ni ushahidi dhidi yake.

Fauka ya hayo, mikataba mingi ya aina hii huandikwa kwa Kiingereza kilichonakiliwa kutoka mkataba mwingine, ukasainiwa na mama ambaye mapatano yake yote na mgeni yalifanywa kwa Kiswahili. Aliahidi kufikiwa, karatasi ikasema amekodisha. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta kazi ya lugha yenye manufaa wangeweza kuanzia hapo: kuandaa mkataba mfupi wa mgeni wa msimu, kwa Kiswahili cha kueleweka, unaotaja chumba, chakula, maji, umeme, wageni wa mgeni na siku ya kuondoka.

Dago, na mgeni asiyeondoka

Pwani ina neno lingine ambalo waandishi wa mikataba hawajalifikiria. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakivuka kuja pwani ya Kenya kwa vizazi, wakapiga kambi ufukweni msimu mzima, na kambi hiyo huitwa dago. Kwenda dago ni kuhama kwa msimu kwa nia ya kurudi. Mvuvi wa dago si mgeni wa mtu mmoja wala si mpangaji. Ugeni wake hupimwa kwa pepo. Hapa lugha imehifadhi hadi leo kile ilichokipoteza katika sabule, yaani neno la ukaaji wenye mwanzo na mwisho unaojulikana na pande zote mbili.

Lakini dago linafundisha pia kwamba mwisho huo haufiki daima. Baadhi ya Wapemba hawakurudi. Walioa, wakazaa, na watoto wao wakakua Kilifi na Kwale bila vitambulisho vya nchi yoyote, hadi serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa raia mwaka 2023. Kwa miongo mingi waliitwa wageni na watu waliozaliwa baada yao. Neno mgeni lilipokosa daraja la kati, likageuka kuwa hukumu.

Upande wa pili wa sarafu hiyo umeandikwa na Abdulrazak Gurnah katika riwaya yake ya mwaka 2001, By the Sea. Hussein, mfanyabiashara kutoka Bahrain aliyekuja na msimu, anafikia katika nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud. Anakaa, anazoeleka, anamkopesha mwenyeji wake fedha na kuchukua hati ya nyumba kuwa rehani. Kisha anaondoka na upepo, akiwa ameiweka hati hiyo mikononi mwa mtu wa tatu, na familia iliyomlaza inaishia kuipoteza nyumba. Ni Ibn Battuta aliyepinduliwa: pale mwenyeji alisimamia mali ya mgeni, hapa mgeni anashika mali ya mwenyeji. Wahakiki wengi wa riwaya hii huanza na uhamisho na ukimbizi wa Uingereza, na hawakosei, lakini msomaji wa pwani ataona kwamba uhasama wote umeanzia kwenye chumba cha kulaza mgeni. Katika Malindi ya leo, ambako mgeni wa miezi sita anaweza kutoa fedha za kuezeka paa na kuomba karatasi kidogo kwa ajili ya usalama wake, riwaya hiyo yafaa isomwe na wenye nyumba kabla ya kusomwa na wahakiki.

Je, neno sabule lingeweza kurudishwa mlangoni? Nimependekeza hivyo katika mijadala ya darasani na nimepingwa kwa hoja nzuri. Msomaji wa Nairobi akiona bango la Sabule atadhani ni duka la makochi. Wengine wamependekeza nyumba ya msimu, ambalo lina ubaya wa kusikika kama nyumba ya kufungwa nusu ya mwaka, na mafikio, ambalo latokana na kitenzi kile kile cha -fikia na lina sauti nzuri, ila katika masikio ya wengi linamaanisha mwisho wa safari. Binafsi naona sabule litumike ndani ya mkataba, palipo na nafasi ya kulifafanua, na bango la nje liachiwe mwenye nyumba na fundi wake wa kuandika herufi. Kwa sasa kilicho cha haraka zaidi ni kuwasikiliza wazee wa Shela, Mambrui na Takaungu waliolala katika vyumba hivyo wakiwa watoto, na kuandika ni kipi walikiita nini, na nani aliruhusiwa kukifungua.